Mafuta, Shahamu na Lipidi

Kwenye mfuko wa chakula cha samaki, chini ya protini ghafi, huandikwa mafuta ghafi pamoja na asilimia yake. Mtu wa Handeni au Korogwe ana haki ya kucheka akisoma hivyo, kwa kuwa mafuta ghafi anayoyasikia kila siku ni yale ya bomba linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, likikatiza wilayani kwake. Ya mfukoni hayakuchimbwa popote. Ni kipimo cha maabara: chakula husagwa, huchujwa kwa kiyeyushi kama etha, na chochote kitakachoyeyuka humo huhesabiwa kuwa mafuta. Huingia mafuta ya kawaida, naam, lakini huingia pia nta, rangi za majani, kolesteroli, na vitamini A, D, E na K.

Ukoo huo wote, pamoja na wengine ambao etha peke yake haiwatoi vizuri, ndio uitwao lipidi. Jina hilo lilianzishwa mwaka 1923 na Mfaransa Gabriel Bertrand kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mafuta, nasi tumelipokea kwa kuliongezea irabu tu. Wapo wanaoona halina haja, kwamba mafuta yanatosha. Mimi naona hayatoshi. Utando wa kila seli ya samaki umejengwa kwa fosfolipidi, na perege aliyekonda hadi mgongo ukawa kama kisu bado anazo hizo, maana bila hizo hana seli. Huwezi kumwita samaki huyo mwenye mafuta, ila lipidi anazo.

Na lipo neno la tatu, ambalo wauza nyama na wapishi wanalitumia bila kuhitaji kamusi: shahamu. Pendekezo langu ni kwamba kila neno lipewe mahali pake. Mafuta yawe yale yanayoliwa, yaliyomo kwenye mashudu, pumba au dagaa. Shahamu iwe akiba ambayo mwili wa samaki wenyewe umeiweka, ile nyeupe inayozunguka utumbo unapompasua. Lipidi libaki jina la ukoo mzima. Mgawanyo huu si anasa ya wanaisimu. Mfugaji anayesema hajawahi kuwapa samaki wake mafuta, kisha akakuta matumbo yamejaa, hadanganyi. Kinachomchanganya ni kuita vitu viwili kwa jina moja.

Korogwe si mgeni wa mambo ya bwawani. Majaribio ya kwanza ya kufuga perege nchini yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, mkoani Mwanza. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alipoeleza aina mpya za perege wa Mto Pangani, mmoja alipewa jina la mji huo. Leo anaitwa Oreochromis korogwe. Mabwawa mengi ya zama zile hayakudumu, kwa ukame na kwa kukosa uangalizi. 

Sasa tumfuate perege aliyelishwa pumba za mahindi tu. Nyongo huyasambaza mafuta kuwa matone madogo, kimeng'enya cha lipasi huyakata, vipande hupenya ukuta wa utumbo. Hadi hapo ni mmeng'enyo. Kinachofuata ndani ya mwili ni umetaboli, na wengi huyachanganya maneno hayo mawili. Katika umetaboli, asidi za mafuta huchomwa ndani ya mitokondria kutoa nguvu, au hutumika kujenga utando wa seli, au huwekwa akiba. Lakini ini la samaki linaweza pia kutengeneza mafuta kutokana na wanga. Pumba za mahindi zina wanga mwingi, na protini yake ni karibu theluthi moja tu ya anayohitaji perege anayekua. Nyama haijengeki bila protini, basi nguvu iliyozidi inaishia kuwa shahamu. Mafuta yalikuwa machache mdomoni, shahamu ikawa nyingi tumboni.

Upande wa pili wa jambo hili una faida zaidi kwa mfuko wa mfugaji. Gramu moja ya mafuta hutoa kama kilokalori 9, ya protini au wanga kama 4. Samaki akipungukiwa nguvu huichoma protini, na naitrojeni yake hutokea kwenye matamvua ikiwa amonia, ikichafua maji yale yale anayoogelea. Protini ndiyo inayogharimu zaidi katika chakula chote. Ukimpa mafuta ya kutosha, anachoma hayo na protini inakwenda kujenga nyama. Wataalamu wana istilahi yake, na Kiswahili chake wengine husema kuhifadhi protini. Kuhifadhi kunanikumbusha ghala. Ningesema kunusuru protini, kwa kuwa inaokolewa isichomwe. Kunusuru huko kuna kikomo: majaribio ya Chou na Shiau nchini Taiwan, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba perege chotara walitosheka na mafuta asilimia 5 ya chakula kwa mahitaji ya chini kabisa, na walikua vizuri zaidi kwenye asilimia 12.

Wingi si kila kitu. Mwaka 1929, George na Mildred Burr, wakifanya kazi na panya huko Marekani, walionyesha kwamba zipo asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Hizi hutafsiriwa mara nyingi kuwa asidi muhimu, tafsiri dhaifu, kwani hata chumvi ni muhimu. Asidi za mafuta za lazima ni afadhali, mradi tuulize: lazima kwa nani? Perege anahitaji hasa asidi linoleiki ya kundi la omega-6, kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya chakula, nayo imejaa kwenye mahindi na alizeti. Samaki wengi wa baharini wanahitaji EPA na DHA, omega-3 ndefu zinazotoka kwenye mafuta ya samaki wenzao. Anayemshawishi mfugaji wa perege wa Kabuku anunue mafuta ya samaki kwa bei ya juu anamuuzia lazima ya mwingine. Mashudu ya alizeti yanamtosha.

Pumba za mpunga, zinazopatikana upande wa Mombo kwenye skimu ya umwagiliaji, zina mafuta mengi kuliko watu wanavyodhani, zaidi ya asilimia 10 zisipokamuliwa. Tatizo ni kwamba mashine ikishakoboa, lipasi ya mpunga wenyewe hukutana na mafuta na kuanza kuyakata, kisha hewa huyachachisha. Kuchacha huko huharibu vitamini E, na samaki anayekula chakula hicho kwa muda hudhoofika na ini lake huathirika. Ukizipeleka maabara pumba za juzi na za miezi mitatu, tarakimu ya mafuta ghafi inaweza kutoka karibu ile ile, kwa kuwa etha huyeyusha yaliyochacha pia. Hapo pua ya mnunuzi inajua kuliko karatasi, na zilizokobolewa wiki hii ndizo za kununua, kwa kiasi cha kumalizika upesi.