Nyundo na Cheti: Habari za Baba Mdogo wa Joubert Park



Kila tukutanapo, vijana huniuliza kwa nini marehemu, niliyemwita Baba Mdogo, alitundika cheti kimoja tu ukutani mwa chumba chake cha Joubert Park. Naona vema niandike, maana wengi waliojua habari hizi wamekwisha kututoka.

Kazi ya kunyoosha bodi za magari alijifunza gerejini Dar es Salaam, akafaulu majaribio ya ufundi Daraja la Pili kabla ya VETA kuundwa mwaka 1994. Alifika Johannesburg mwaka 1995, akapanga chumba karibu na bustani, pale lilipo Jumba la Sanaa lililofunguliwa mwaka 1915. Gereji iliyomwajiri haikukijali cheti chake. Alipewa msasa na puti kwa ujira wa kibarua, ilhali vijana aliowaonyesha namna ya kurudisha mlango uliobonyea walilipwa kama mafundi.

Mambo hayo hayakuanza naye. Sheria ya uanagenzi ya Afrika Kusini ya mwaka 1922 haikutaja rangi ya mtu, bali ilidai kiwango cha elimu ambacho Waafrika wengi walinyimwa nafasi ya kukifikia. Kwa miaka mingi waliishika nyundo, wakaitwa wasaidizi. Mwaka 1979 Tume ya Wiehahn ilipendekeza mlango ufunguliwe, na sheria ya mafunzo ya mwaka 1981 ikaufungua. Sheria hiyo ilimruhusu pia mwenye uzoefu wa kutosha kufanya majaribio ya ufundi bila kupitia uanagenzi.

Njia hiyo ndiyo aliyoishika Baba Mdogo, lakini ilimpasa kuthibitisha miaka yake ya kazi. Shangazi alizunguka Dar es Salaam hadi akampata mwajiri wake wa zamani, mzee aliyekwisha kustaafu, akaandika barua. Mwaka 2001 Baba Mdogo aliitwa kituo cha majaribio cha Olifantsfontein. Akashindwa.

Hakumlaumu mtu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nilipima kwa jicho, wao wanapima kwa milimita, na haki iko kwao." Chasi iliyopinda kidogo huvuta gari upande na kula tairi, mshono mbovu wa kuchomelea hufunguka siku ya ajali. Alisoma usiku mwaka mzima, akarudi, akafaulu.

Ndiyo maana sikiiti cheti kile karatasi. Kunyimwa nafasi ya kukitafuta kulikuwa dhuluma. Kukitafuta kulimwongezea ufundi. Yote mawili ni kweli.

Leo Afrika Kusini, na VETA kwetu Tanzania, zina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Basi, vijana wetu mlioko ugenini, tunzeni barua za waajiri wenu, na msione haya kupimwa. Nasi tuliobaki nyumbani, ndugu akituomba barua, tusichoke kuitafuta.