Tahajia ya Kimvita
Tahajia ya Kimvita ni namna ya kuandika Kiswahili cha Mombasa, hasa cha Mji wa Kale. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, ziliandikwa na Mwalimu Sikujua kwa hati za Kiarabu, mmisionari W. E. Taylor akazigeuza kwa herufi za Kilatini zenye alama za ziada.

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tahajia sanifu ni nyepesi kusomeka, na hilo ni neema kwa watoto wa shule, lakini iliacha nje sauti ambazo Mmvita huzitenganisha kila siku. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawa, ilhali kisiwani Mombasa jina la mnyama hutamkwa kwa mpumuo. Vivyo hivyo kwa t ya meno na t ya ufizi. Hii ni hasara ya kweli, na washairi ndio wanaoibeba.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah, alichukua njia nyingine: kuzirekebisha hati za Kiarabu zenyewe zikitoshee Kiswahili.