Marekani: Mtandao wa televisheni huhama, namba ya chaneli hubaki

Tarehe 16 Agosti 2025, mtandao wa televisheni wa CBS uliondoka kwenye chaneli ya 46 mjini Atlanta, jimbo la Georgia, na kuhamia chaneli ya 69. Hii ilikuwa mara ya pili kwa mtandao huo kubadilisha makao katika jiji hilo, kwani hadi Desemba 1994 ulikuwa ukionekana kwenye chaneli ya 5. Kwa muda wa takriban miaka 31, vipindi vya mtandao mmoja vimetoka 5 vikaenda 46, kisha vikatoka 46 vikaenda 69. Stesheni zote tatu zingali hewani, kila moja ikiwa na namba yake ileile.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona jina la stesheni, vipindi vyake na namba yake kama kitu kimoja, uhamisho wa namna hii huweza kutatanisha. Makala haya yanaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, kwa nini namba ya chaneli imewahi kugombaniwa hata mahakamani, na nani hunufaika au huumia mtandao unapohama.

Mtandao na stesheni ni vitu viwili

Nchini Marekani, mtandao wa televisheni ni kampuni inayotayarisha au kununua vipindi na kuvisambaza nchi nzima. Mikubwa zaidi ni ABC, CBS, NBC na Fox. Hata hivyo, leseni ya kurusha matangazo haitolewi kwa mtandao. Hutolewa na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, kwa stesheni iliyopangiwa kuuhudumia mji fulani.

Katika baadhi ya miji mikubwa, kama vile New York na Los Angeles, mitandao inamiliki stesheni zake yenyewe. Kwingineko hutegemea stesheni za kampuni nyingine, zinazoitwa stesheni washirika, chini ya mikataba ya miaka kadhaa. Mtandao huleta tamthilia, mechi na taarifa ya habari ya kitaifa. Stesheni huongeza habari za mji, utabiri wa hali ya hewa na matangazo ya wafanyabiashara wa eneo lake.

Kwa miongo mingi, mtandao ndio uliokuwa ukiilipa stesheni kwa kukubali kurusha vipindi vyake. Siku hizi fedha hufuata njia ya kinyume: stesheni hutoza ada kampuni za televisheni ya kebo na setilaiti zinazobeba matangazo yake, kisha huukabidhi mtandao sehemu ya mapato hayo. Mkataba ukiisha bila pande mbili kuelewana, mtandao unaweza kuondoka na vipindi vyake. Leseni, mnara, jengo, waandishi wa habari na namba ya chaneli hubaki kwa stesheni.

Kwa nini namba ndogo ilikuwa mali

Chaneli za televisheni za Marekani huanzia namba 2, kwa sababu masafa ya chaneli ya 1 yaliondolewa kwa televisheni mwaka 1948 na kupewa matumizi mengine. Namba 2 hadi 13 zilikuwa katika bendi ya VHF. Mwaka 1952 FCC ilifungua bendi ya UHF na kuongeza namba 14 hadi 83.

Bendi hizo mbili hazikuwa sawa. Katika mfumo wa analojia, stesheni ya VHF iliweza kufika mbali kwa nguvu ndogo ya umeme, ilhali ya UHF ilihitaji nguvu kubwa zaidi ili kufunika eneo lilelile, na mawimbi yake yalizuiwa kwa urahisi na vilima na majengo. Tena, televisheni nyingi za miaka ya 1950 hazikuwa na uwezo wa kupokea UHF. Ilibidi bunge lipitishe sheria mwaka 1962, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ya kuwalazimisha watengenezaji kuuza televisheni zinazopokea bendi zote.

Kufikia wakati huo, mitandao mikubwa ilikuwa imekwisha kujipatia namba ndogo katika miji mingi. Mtazamaji alijifunza kwamba namba ndogo ni picha safi na vipindi maarufu, na namba kubwa ni picha yenye chenga na filamu za zamani. Namba ikawa kipimo cha hadhi.

Wimbi la mwaka 1994

Mtandao wa Fox, uliozinduliwa mwaka 1986, ulikuwa ukionekana hasa kwenye stesheni za UHF. Mnamo Desemba 1993 ulishinda haki ya kuonyesha mechi za kundi la NFC la ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, NFL, kwa dola bilioni 1.58 kwa misimu minne. CBS, iliyokuwa ikionyesha mechi za ligi hiyo tangu mwaka 1956, ikabaki mikono mitupu.

Fox ilikuwa na mechi, sasa ikahitaji namba nzuri za kuzirushia. Mwezi Mei 1994 ilitangaza kuwekeza dola milioni 500 katika kampuni ya New World Communications. Kwa makubaliano hayo, stesheni 12, ambazo New World ilikuwa ikizimiliki au ilikuwa katika hatua za kuzinunua, zingejiunga na Fox. Nane kati yake zilikuwa washirika wa CBS.

CBS ikalazimika kutafuta makao mapya katika kila mji ulioguswa. Mjini Atlanta ilitoka 5 ikaenda 46. Cleveland, kutoka 8 hadi 19. Milwaukee, kutoka 6 hadi 58. Mitandao mingine nayo iliharakisha kuwafunga washirika wake kwa mikataba mipya, na mabadiliko yakaenea katika miji ambayo New World haikuwa na stesheni hata moja.

Detroit: gharama ya kuhama

Pigo zito zaidi kwa CBS lilikuwa mjini Detroit, jimbo la Michigan. Chaneli ya 2, WJBK, ilikwenda Fox, na stesheni nyingine kubwa za mji zilikuwa zimekwisha kujifunga kwa mikataba mingine. Iliyopatikana ni WGPR-TV, chaneli ya 62.

Stesheni hiyo haikuwa ya kawaida. Ilipoanza kurusha matangazo tarehe 29 Septemba 1975, ilikuwa ya kwanza kumilikiwa na Wamarekani Weusi katika Marekani bara. Mwanzilishi wake alikuwa wakili William V. Banks, kiongozi wa chama cha kidugu cha Wamasoni kilichoimiliki. Licha ya mapato madogo, ilikuwa na taarifa yake ya habari, na kipindi chake cha dansi, The Scene, kilipendwa na vijana wa mji. Vijana wengi Weusi walipata hapo nafasi yao ya kwanza ya kushika kamera au kusoma habari.

CBS iliinunua kwa dola milioni 24. Baadhi ya wakazi walipinga mauzo hayo, wakisema kwamba mji ulikuwa ukipoteza sauti ambayo fedha zisingeweza kuirudisha, lakini FCC iliyaidhinisha. Vipindi vya CBS vilianza kuonekana kwenye chaneli ya 62 tarehe 11 Desemba 1994, na mwaka uliofuata jina la stesheni likabadilishwa kuwa WWJ-TV.

Jamii ya Weusi ilipoteza stesheni, na mji haukupata chumba kipya cha habari mahali pake. Majaribio ya kutoa taarifa za habari kwenye 62 hayakudumu, hadi CBS ilipozindua idara kamili ya habari ya Detroit mwezi Januari 2023, zaidi ya miaka 28 baada ya kuhamia huko. Chaneli ya 2, kwa upande wake, haikupwaya. Ilibaki na watangazaji wake waliozoeleka na ikaongeza saa za habari kuziba nafasi iliyoachwa na vipindi vya CBS.

Miami: namba yenyewe ilipohama

Kuna nyakati chache ambapo namba nayo imehama. Mwaka 1987, NBC ilinunua WTVJ, chaneli ya 4 mjini Miami, stesheni ya kwanza ya televisheni katika jimbo la Florida, iliyokuwa mshirika wa CBS. CBS nayo ikanunua chaneli ya 6. Tarehe 1 Januari 1989 mitandao ikabadilishana: NBC ikaingia chaneli ya 4, CBS ikaingia 6, na chaneli ya 7, WSVN, iliyopoteza NBC, ikajiunga na Fox.

Wengi walidhani WSVN ingedhoofika. Badala yake ilijaza nafasi iliyoachwa wazi kwa habari za mji na ikawa miongoni mwa stesheni zenye nguvu katika jiji hilo. Shida ilikuwa kwa CBS: mnara wa chaneli ya 6 ulikuwa mbali kusini, karibu na Homestead, na matangazo yake yalifika kwa udhaifu katika vitongoji vya kaskazini. Tarehe 10 Septemba 1995, kutokana na makubaliano mapana kati ya kampuni hizo, NBC na CBS zilibadilishana namba na mitambo ya kurushia. WTVJ ikahama na wafanyakazi wake na jina lake kutoka 4 hadi 6. Kwa karibu miaka saba mtazamaji alikuwa amefundishwa kutafuta NBC kwenye 4. Sasa ilimbidi ajifunze upya.

Namba bila masafa

Tarehe 12 Juni 2009, stesheni kubwa za Marekani zilizima analojia. Katika mfumo wa dijitali, namba anayoiona mtazamaji hubebwa ndani ya matangazo yenyewe kama taarifa, na si lazima ilingane na masafa halisi. Stesheni nyingi zilihamishiwa masafa mapya, lakini ziliruhusiwa kuendelea kuonyesha namba zao za zamani.

Mjini Detroit, WJBK hujitambulisha kama chaneli ya 2 ingawa hurusha kwenye masafa ya 7, ilhali stesheni inayojiita chaneli ya 7, WXYZ, imehamia UHF. Baada ya masafa ya juu kuuzwa kwa kampuni za simu, bendi ya televisheni sasa inaishia chaneli ya 36. Hivyo basi 62 ya Detroit na 69 ya Atlanta ni kama anwani za nyumba zilizokwisha kubomolewa: barua bado zinafika, lakini mpokeaji anaishi kwingine.

Hata hivyo, namba haijapoteza thamani yake. Kampuni ya PMCM ilipohamisha leseni ya stesheni kutoka jimbo la Nevada hadi New Jersey, ilidai kutumia namba 3, ambayo tayari ilikuwa ikitumiwa na stesheni za Philadelphia na Hartford zilizo jirani. FCC ilikataa na kuipa 33. Shauri lilifika mahakama ya rufaa ya Washington, ambayo mwaka 2018 iliunga mkono uamuzi wa tume.

Hali katika ukanda wetu

Afrika Mashariki haina mfumo kama huo wa stesheni washirika: stesheni kubwa kwa kawaida hurusha vipindi vyake kwa jina moja katika nchi nzima. Lakini tangu nchi zetu zilipohamia dijitali, kufuatia makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliyoweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa masafa ya analojia, suala la namba limetufikia kwa njia nyingine. Hapa pia namba si masafa tena. Hupangwa na anayesambaza matangazo, na ndiyo maana stesheni moja huweza kuwa na namba tofauti katika ving'amuzi viwili vilivyo sebuleni pamoja.

Nchini Kenya, mzozo wa mwaka 2015 kuhusu nani asambaze matangazo ya dijitali ulisababisha stesheni kadhaa kubwa za binafsi kutoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Tofauti na Detroit, vipindi havikuwa na chaneli nyingine ya kuhamia. Mtazamaji aliyebonyeza namba aliyoizoea hakuona kitu.