Neno "ponder" lina maana gani? Siyo kuponda mawe

Ukifika Segese, Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, neno kuponda halihitaji kamusi. Mawe yanatoka duarani, yanapondwa kwa nyundo au yanapelekwa karasha, halafu unga wake unaoshwa kwenye mwalo. Sasa kijana wa kidato cha kwanza wa huko akimsikia mwalimu wa Kiingereza anatamka "ponder", kitu cha kwanza kumjia kichwani ni nyundo.

Usimcheke. Kwa matamshi ya Uingereza neno hilo linasikika karibu kabisa na "ponda" yetu. Kinachotofautiana ni maana. "Ponder" ni kulifikiria jambo kwa kina na kwa muda, ukiligeuza huku na huku kabla hujaamua. Kiswahili chake cha karibu ni kutafakari. Ukiandika kufikiri au kuwaza hujakosea, ila kuna kitu kimepungua.

Kilichopungua ni uzito, na hapa sitanii. Neno hili asili yake ni Kilatini, "ponderare", yaani kupima uzito, na lenyewe linatokana na "pondus", uzito. Lilipitia Kifaransa cha kale, likaingia kwenye Kiingereza karne ya 14. Hata paundi, ile ya kupimia na ile pesa ya Waingereza, ni ya ukoo huo huo. Wafaransa wanasema "penser" na Wahispania "pensar" kwa maana ya kufikiri tu kwa kawaida, na maneno hayo nayo yametoka kwenye neno la Kilatini la kupima.

Kwa hiyo anayefanya "ponder" anafanana na mnunuzi wa dhahabu. Kipande kinang'aa, mwenyewe anaapa kwamba ni gramu tano, lakini hakuna anayetoa hela kwa kuangalia tu. Kinawekwa kwenye mzani, watu wanatulia, wanasubiri namba isimame. Halafu ndiyo maneno ya bei yanaanza. Mtu wa ukanda huu, kuanzia Kakola mpaka Geita, ameshaona jambo hilo mara nyingi kuliko mwandishi wa kamusi.

Na Kiswahili chenyewe kina picha hiyo tayari. Tunasema pima maneno yako, tunasema jambo zito, shauri zito. Ndiyo maana mimi naona "lipime hilo jambo" wakati mwingine ni tafsiri nzuri kuliko "lifikirie hilo jambo".

Sasa namna ya kulitumia, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Baada ya "ponder" unaweza kutaja jambo lenyewe moja kwa moja: "She pondered the question", yaani alilitafakari swali. Ukiongeza "on" au "over" pia ni sahihi. Unaweza pia kuweka swali: "He is pondering whether to sell", anapima moyoni kama auze au asiuze. Ila usiseme "I ponder that you are right" ukitaka kusema nafikiri uko sahihi. Hapo tumia "think". "Think" inaweza kubeba maoni uliyokwisha kuyafikia, wakati "ponder" ni kazi ambayo bado inaendelea.

Jambo jingine, ni neno la maandishi zaidi. Utalikuta kwenye hadithi, magazeti na hotuba. Muuzaji akikutajia bei dukani na ukahitaji muda, sema tu "let me think about it", utaeleweka bila kuonekana unasoma kitabu.

Wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wanalikuta kwenye Luka sura ya 2, pale wachungaji walipoeleza waliyoyasikia na Mariamu akayatunza moyoni. Biblia ya Kiswahili ya Union imeweka kufikiri. Maana imefika, lakini msomaji wa Kiingereza anamwona mama aliyeyabeba maneno yale na kuyapima.

Kwa nini tusumbuke na neno moja? Kwa sababu mtoto wa Segese kwenye shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, halafu akiingia sekondari, jiografia na baiolojia zinamjia kwa Kiingereza. Anaanza kukariri: neno moja, tafsiri moja. "Think" kufikiri, "ponder" kufikiri, "consider" kufikiri. Kwenye mtihani wa ufahamu anaulizwa mhusika alikuwa na mashaka au alikuwa ameshaamua, na jibu limejificha kwenye neno hilo hilo moja. Anakosa, anajiona hana akili, na machimbo yako jirani yanaita.

Mwalimu mwenye mzani mdogo mezani, hata wa kupimia sukari, angelifundisha neno hili kwa dakika tano.

Tukiwa bado hapo, kuna "ponderous" pia, yaani kitu kizito na cha polepole, mara nyingi hotuba inayochosha. Hilo ni ndugu wa "ponder". Lakini kuponda mtu mtandaoni, kuponda raha na kuponda mali ni Kiswahili chetu wenyewe, Kilatini hakihusiki. Na anayeponda mali kwa kawaida hajapitia kwanza kwenye "ponder".