Ugonjwa Ulioitwa Mawazo

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyewahi kuiongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, kwa kuwa, kwa maoni yake, Mwafrika hana mzigo wa kujilaumu kama alionao Mzungu. Hoja yake aliijenga zaidi juu ya wagonjwa waliofikishwa hospitalini. Waliobaki majumbani hawakuwamo katika hesabu.

Mimi ni mtu wa Singida, na hao waliobaki majumbani nawafahamu. Kwetu hawakuitwa wagonjwa. Ilisemwa tu, "Ana mawazo." Shangazi yangu alikuwa mmoja wao, miaka ya 1980, baada ya kuzika watoto wawili katika msimu mmoja. Aliacha kupepeta uwele, akawa anaamka usiku wa manane na kukaa mlangoni. Ukimuuliza, alisema kichwa kizito na kifua kinawaka. Zahanati walimpa dawa ya malaria, akarudi nayo nyumbani, hali ikawa ileile.

Hakuna aliyefikiria kumpeleka Mirembe. Hospitali hiyo ilijengwa Dodoma miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, na kwa miongo mingi ndiyo iliyotegemewa na mikoa ya kati na nchi nzima. Kutoka Singida ni zaidi ya kilomita 200, na kabla ya lami safari hiyo haikuwa ya mchezo. Lakini umbali haukuwa kikwazo pekee. Mirembe lilikwisha kuwa neno la matusi: anayefanya vituko huambiwa apelekwe huko. Walikopelekwa ni wale waliorusha mawe, waliovua nguo sokoni, waliomtishia jirani kwa panga. Anayekaa kimya mlangoni hamsumbui mtu, basi haendi popote. Ndiyo maana daktari anayehesabu vitanda vya hospitali angeweza kuapa kwamba ugonjwa huo haupo.

Jibu lilikuja walipopatikana watafiti waliopiga hodi majumbani. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walichapisha utafiti wao wa vijiji viwili vya Uganda. Waliwahoji wanavijiji kwa utaratibu uleule uliotumika London, na sonona waliyoikuta vijijini ilikuwa nyingi kuliko ya London.

Katika muongo uleule wa Carothers, dawa za kwanza za sonona zilikuwa zinagunduliwa, tena kwa bahati. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu. Waganga wa Marekani wakaona wagonjwa wao wanachangamka kuliko ilivyotarajiwa. Huko Münsterlingen, Uswisi, Roland Kuhn aliijaribu imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa, ila iliwainua waliozama katika huzuni. Amitriptilini, ndugu wa imipramini, ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1977. Kwa hiyo shangazi alipokuwa akikaa mlangoni, kidonge kilikuwapo duniani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuita ugonjwa wake kwa jina.

Alipelekwa kwa mganga wa kienyeji. Mganga alifanya mambo mawili ambayo zahanati haikuyafanya: alimsikiliza mchana kutwa, na aliwaita ndugu wote wakae pamoja. Kisha akafanya la tatu: akamtaja jirani, bibi kizee, kuwa ndiye mchawi. Nyumba mbili zilizokuwa zikikopeshana chumvi zikaacha kusalimiana hadi bibi yule alipofariki.

Nayasimulia yote matatu kwa sababu mjadala wa tiba asili mara nyingi huchagua upande mmoja. Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walichapisha utafiti wa Dar es Salaam. Kati ya waliofika kliniki za kawaida, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, sonona ikiwamo. Kwa waganga wa jadi ilikuwa asilimia 48. Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na takwimu hizo zinaonyesha kwa nini waganga hawawezi kupuuzwa: wenye mawazo wako kwao. Lakini kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Wajerumani wana mmea uitwao Johanniskraut, uliopimwa na kuonekana kusaidia sonona isiyo kali. Mmea huohuo hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Kile ambacho mganga alikipatia, sayansi imekipima pia. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha jaribio la vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni asilimia 6.5 tu ndio waliobaki na sonona kubwa. Katika vijiji visivyopata vikundi ilikuwa asilimia 54.7. Zimbabwe nako, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba benchi hilo linasaidia.

Shangazi alianza kurudi taratibu wanawake wa jumuiya walipokuja kulima naye shamba lake, zamu kwa zamu. Sisemi kwamba jembe lilimponya. Huenda ni muda. Lakini leo kila kijiji cha Singida nikijuacho kina vikoba, kina kwaya, kina kikundi cha wakulima wa alizeti. Watu tayari wanakutana kila wiki. Kinachohitajika ni muuguzi wa zahanati ambaye, kipimo cha malaria kikikosa kitu, atamuuliza mama aliye mbele yake kama anapata usingizi, na akijibiwa hapana, asimwache aende hivihivi.