Tiba ya mazungumzo: Kutoka kochi la Freud hadi benchi la bibi

Mwishoni mwa karne ya 19, Sigmund Freud aliwalaza wagonjwa wake kwenye kochi mjini Vienna, wakaongea kwa miezi, hata miaka. Miaka ya 1960 Aaron Beck wa Marekani akaifupisha tiba: vikao vichache vya kurekebisha mawazo yanayomuumiza mtu sasa hivi.

Lakini asiye na mtaalamu karibu afanyeje?

Nchini Zimbabwe, mgonjwa wa daktari wa akili Dixon Chibanda alijiua baada ya kukosa nauli ya kwenda hospitali. Mwaka 2006 Chibanda akawafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Bibi hawasemi "sonona". Kwa Kishona wanasema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko wenzao wa huduma ya kawaida.

Benchi limeshafika Malawi na Zanzibar. Ila anayefikiria kujiua asisubiri: apelekwe hospitali haraka.