Arthur Ashe na Ustadi wa Kuubadili Mchezo

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1975, wachache miongoni mwa wajuzi wa tenisi walitarajia kwamba Arthur Ashe angeondoka na kombe la Wimbledon. Alibakiza siku tano tu atimize miaka 32. Mpinzani wake katika fainali, Jimmy Connors, alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi na namba moja duniani, na mpaka kufika hapo hakuwa amepoteza hata seti moja. Ashe hakuwahi kumshinda. Isitoshe, wawili hao walikuwa na kesi: Connors alikuwa amemshtaki mwenzake kwa kumchafulia jina, akidai fidia ya mamilioni ya dola, baada ya Ashe kumlaumu kwa kukataa kuichezea Marekani katika Kombe la Davis. Ashe aliingia uwanjani amevaa koti la timu ya taifa, herufi za U.S.A. zikisomeka kifuani.

Kilichofuata kiliwaduwaza watazamaji. Maisha yake yote Ashe alikuwa mtu wa nguvu: aliuanzisha mpira kwa kishindo, akapiga mapigo ya kujaribu bahati, akataka pointi imalizike mapema. Connors aliwapenda sana wachezaji wa namna hiyo, kwani aliichukua kasi yao na kuwarudishia maradufu. Basi Ashe akamnyima kasi. Aliupeleka mpira polepole, chini chini, katikati ya uwanja. Alipouanzisha aliukata ukapinda kwenda nje, upande wa mkono wa nyuma wa Connors, ambaye kwa kuwa alipiga kwa mikono miwili hakuweza kuufikia bila taabu. Connors alipokimbilia wavuni, mpira ukapita juu ya kichwa chake. Kila walipobadilishana upande Ashe alikaa kitini, akafumba macho, akatulia kama mtu aliye peke yake chumbani. Seti mbili za kwanza ziliisha 6–1, 6–1. Connors akazinduka, akaichukua ya tatu 7–5, akaongoza 3–0 katika ya nne. Mchezaji mwingine angeona huo ndio wakati wa kurudia silaha aliyoizoea. Ashe hakuyumba, alishinda seti hiyo 6–4, akawa mwanamume Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja.

Wengi walioandika juu yake humweleza kwa neno moja: mpole. Neno hilo si la uongo, ila linaficha mengi. Hoja ya makala haya ni kwamba utulivu wa Ashe ulikuwa nidhamu aliyofunzwa utotoni chini ya ubaguzi, na kwamba ukubwa wake haupimwi kwa utulivu huo wenyewe. Unapimwa kwa utayari wake wa kuiacha mbinu yake mwenyewe pale alipotambua kuwa haifai. Mbele ya Connors alifanya hivyo katika mchana mmoja. Mbele ya utawala wa makaburu wa Afrika Kusini ilimchukua miaka mingi, na ni hiyo miaka inayostahili kujadiliwa zaidi ya kombe lolote alilolibeba.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mjini Richmond, Virginia, mji uliokuwa makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita kulinda utumwa. Baba yake, Arthur Ashe Mkubwa, alikuwa msimamizi wa Brook Field, bustani ya michezo iliyotengewa watu Weusi, na familia iliishi humo humo, viwanja vya tenisi vikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Mama yake, Mattie, alifariki mwaka 1950, kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Baba aliwalea wanawe wawili kwa mkono mkali. Alijua safari ya kutoka shuleni hadi nyumbani huchukua dakika ngapi, na hakukubali dakika ya ziada.

Aliyemfundisha kushika raketi ni kijana wa chuo, Ron Charity. Charity ndiye aliyempeleka kwa Dakta Robert Walter Johnson wa Lynchburg, tabibu Mweusi aliyekuwa tayari amesaidia kumlea Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon wa wanawake mwaka 1957 na 1958. Kila kiangazi Johnson aliweka nyumbani kwake kambi ya watoto, na masharti yake yalikuwa magumu. Mpira wa mpinzani ukitoka nje kwa inchi moja au mbili, urudishwe kana kwamba umeingia. Mwamuzi asibishiwe. Raketi isirushwe chini. Daktari alijua kwamba waandaaji wengi wa Kizungu walitafuta kisingizio tu cha kuwafukuza watoto wake mashindanoni, naye hakutaka kuwapa hata kimoja. Kwa hiyo adabu ile ilikuwa ngao, na ilikuwa na gharama yake: Ashe alijifunza kuificha hasira kabla hajawa na umri wa kuieleza. Asomaye habari za utoto huo hawezi tena kuuita utulivu wake tabia ya kuzaliwa.

Katika mji wake wa kuzaliwa, viwanja vizuri vya Byrd Park vilikuwa vya Wazungu. Ilimbidi ahamie St. Louis kumalizia sekondari, na huko akapata nafasi ya masomo ya chuo kikuu cha UCLA. Mwaka 1963 akawa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Marekani ya Kombe la Davis. Mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo vikuu. Mwaka 1966 akahitimu shahada ya biashara, kisha akaingia jeshini na kupangiwa kazi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Alikuwa bado luteni alipomshinda Tom Okker wa Uholanzi katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, Septemba 1968, mwaka wa kwanza wachezaji wa kulipwa kuruhusiwa humo. Zawadi ya dola 14,000 ilimwendea Okker. Bingwa, kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa, alipata posho ya dola 20 kwa siku.

Mwaka huo ni ule ule ambao Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili, na wanariadha Weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos wakainua ngumi kwenye jukwaa la Olimpiki Mexico mwezi Oktoba. Kati ya matukio hayo mawili Ashe alionekana kwa vijana wengi Weusi kuwa mtu wa vilabu vya Wazungu, msafi mno, mwenye sauti ya chini mno. Lawama hiyo ilimuuma, na haikuwa ya haki kabisa, kwani mwezi Machi alikuwa amehutubia kanisani mjini Washington kuhusu wajibu wa wanamichezo Weusi, akaonywa na wakubwa wake jeshini kwa kufanya hivyo. Lakini pia haikuwa lawama ya bure. Aliamini mazungumzo kuliko makabiliano, na imani hiyo ingejaribiwa barani Afrika.

Mwaka 1970 yeye na mchezaji mwenzake Stan Smith walizuru nchi kadhaa za Afrika kwa niaba ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Dar es Salaam ya miaka hiyo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini walikuwa majirani wa kawaida mitaani. Mwaka uliofuata, mjini Yaoundé, Ashe alimwona mtoto mmoja akicheza, akampigia simu Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi Ufaransa, kumwambia habari zake. Mtoto huyo alikuwa Yannick Noah, aliyekuja kutwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama bahati njema ya mtoto. Kinaonyesha pia namna Ashe alivyoelewa wajibu: mlango ukifunguka kidogo, ingia, kisha umshike mwenzako mkono.

Ni kwa fikra hiyo hiyo alibisha hodi Afrika Kusini. Serikali ya huko ilimnyima viza mwaka 1969 na tena mwaka 1970, naye akajiunga na waliodai nchi hiyo itolewe katika Kombe la Davis, ikatolewa. Mwaka 1973 makaburu wakabadili kauli. Ashe alitoa masharti: asiitwe Mzungu wa heshima, aruhusiwe kwenda atakako na kusema atakalo, na watazamaji wa uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, wasitenganishwe kwa rangi. Sharti la viti halikutimizwa kikamilifu. Alifika fainali akashindwa na Connors, akashinda ubingwa wa wawili wawili akiwa na Okker, akaenda Soweto, vitongoji vya watu Weusi kandokando ya Johannesburg, kufundisha watoto. Huko Johannesburg baadhi ya waandishi wa habari Weusi walimwambia usoni kwamba ziara yake inawapamba watawala.

Nani alikuwa na haki? Ushahidi wa kumtetea Ashe upo, nao ni wa kweli. Mark Mathabane, kijana wa kitongoji cha Alexandra, ameandika jinsi kumwona Ashe, mtu Mweusi asiyeinama mbele ya Mzungu, kulivyobadili alichodhani kinawezekana katika maisha yake. Mwaka 1978, kwa msaada wa Stan Smith, alikwenda kusoma Marekani kwa kipaji chake cha tenisi. Maisha ya mtu mmoja si kitu kidogo.

Hata hivyo, waliompinga waliona mbali zaidi. Utawala ule ulikuwa na njaa ya kukubalika, na kila mgeni maarufu aliyepanda ndege kwenda Johannesburg aliulisha, awe na masharti au asiwe nayo. Wengine walikuwa wakilipa gharama ya kukataa. Mwaka 1974 India ilifika fainali ya Kombe la Davis, ikakataa kucheza na Afrika Kusini iliyokuwa imerudishwa, ikaliachia kombe. Mwaka 1976 Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zaidi ya 20 zilizosusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu. Mtanzania Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakukutana na John Walker wa New Zealand katika mbio ambazo dunia nzima ilizisubiri. Walker akachukua dhahabu. Mwandishi yeyote wa Afrika Mashariki anayeipima ziara ya Ashe lazima aweke kwenye mizani medali hiyo ambayo Bayi hakupata nafasi ya kuiwania, na ikiwekwa, hoja ya kwamba michezo inaweza kuwalainisha wabaguzi inapungua uzito sana.

Ashe mwenyewe alifika kwenye hitimisho hilo. Alirudi Afrika Kusini baada ya ziara ya kwanza, akasaidia tenisi ya Soweto, akaona jinsi mageuzi aliyoahidiwa yalivyobaki ya juu juu. Soweto iliwaka moto Juni 1976, na risasi zilizopigwa dhidi ya wanafunzi hazikuacha nafasi ya kuamini kwamba watawala walikuwa wakijifunza lolote kutoka kwa wageni wao. Kidogo kidogo akaihama hoja ya mazungumzo, akawa mtetezi wa ususiaji kamili. Mwaka 1983 yeye na mwimbaji Harry Belafonte waliongoza umoja wa wasanii na wanamichezo dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, wakiwataka wenzao wakatae mialiko na fedha za huko. Tarehe 11 Januari 1985 alikamatwa na polisi nje ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Wakati huo alikuwa nahodha wa timu ya Marekani ya Kombe la Davis. Kijana aliyefunzwa na Dakta Johnson asimbishie mwamuzi alitiwa pingu akiwa na cheo cha taifa.

Alikuwa tayari mgonjwa. Alipatwa na mshtuko wa moyo mwaka 1979, akapasuliwa, akaaga mashindano mwaka 1980, akapasuliwa tena mwaka 1983. Mwaka 1988, mwaka uliochapishwa kitabu chake cha juzuu tatu kuhusu historia ya wanamichezo Weusi wa Marekani, madaktari waligundua kwamba alikuwa na virusi vya UKIMWI, ambavyo inaaminika alivipata kwa damu aliyoongezewa hospitalini. Yeye na mkewe, Jeanne, walilitunza jambo hilo ndani ya familia na marafiki wachache, wakimfikiria binti yao mdogo. Gazeti moja lilipoanza kuuliza, tarehe 8 Aprili 1992 alijitangaza mwenyewe mbele ya waandishi wa habari. Wapo waliosema alipaswa kunena mapema zaidi. Mtu anaweza kuiheshimu haki yake ya kunyamaza na wakati huo huo kuona kilichotokea aliponyimwa haki hiyo: hakujifungia. Alianzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo, na Desemba mwaka huo akahutubia Umoja wa Mataifa siku ya UKIMWI duniani.

Kabla ya hotuba hiyo, tarehe 9 Septemba 1992, alisafiri kwenda Washington akiwa amekonda. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiwarudisha kwao wakimbizi wa Haiti waliokamatwa baharini, huku ikiwapokea wa nchi nyingine. Ashe alisimama na waandamanaji mbele ya Ikulu, akakamatwa kwa mara ya pili maishani. Muda mfupi baadaye moyo ulimsumbua tena, akalazwa. Alifariki New York tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49.